Mgonjwa wa moyo anakonda, mzani unasema hajapungua

Chukua mtu aliyekuwa na kilo 70 akiwa mzima. Sasa moyo wake umeanza kushindwa kazi, miguu imevimba hadi magotini, tumbo limejaa, na kliniki anapandishwa kwenye mzani: kilo 70. Namba inaandikwa kwenye kadi, anaitwa mwingine. Lakini kama maji yaliyojikusanya miguuni na tumboni yana kilo nane, mwili wenyewe umebaki na kilo 62. Kilo nane za nyama na mafuta zimekwenda, na kadi haina habari.

Hivyo ndivyo mojawapo ya dalili mbaya kabisa za ugonjwa wa moyo inavyopita mbele ya macho ya watu waliosomea kuiona.

Mitaani ugonjwa wenyewe unafahamika: moyo mkubwa, moyo umepanuka, moyo umejaa maji. Hospitali wataandika kwamba moyo unashindwa kufanya kazi. Haujasimama, ila hausukumi damu inayotosha mahitaji ya mwili, na damu inayorudi inatuama njiani. Habari za kukosa pumzi, kulalia mito mitatu na viatu kutoingia miguuni zinasimuliwa waziwazi. Habari za kukonda zinasimuliwa kwa kunong'ona, nje ya uzio, na watu wasio wa nyumba hiyo.

Mwenye kutaka kujua ukweli aangalie kuanzia kifuani kwenda juu. Mitulinga imechomoza. Mashavu yameingia ndani, na pembeni mwa macho kumebonyea. Saa inateleza hadi kwenye kiwiko, pete ya ndoa imehamishiwa kidole gumba. Mtu huyohuyo, ukishuka chini, ana miguu minene inayobaki na shimo ukiibonyeza kwa kidole. Mwili mmoja unavimba na kukauka kwa wakati mmoja.

Kipimo cha kuufichua ujanja huu kinapatikana kwa fundi cherehani. Tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, zungusha utepe hapo bila kuubana, andika namba kwenye daftari pembeni ya uzito. Mwezi ujao pima mkono uleule, mahali palepale. Kwa mgonjwa anayekaa na kutembea, maji hushuka chini kwa uzito wake na aghalabu hayakai kwenye mkono wa juu. Mkono ukipungua sentimita baada ya sentimita huku mzani umetulia, misuli inaondoka. Nguvu nazo zina mengi ya kusema: je, bado anafungua kifuniko cha chupa mwenyewe? Bado anakamua nguo? Anainuka kwenye kiti bila kusukuma mapaja kwa viganja?

Madaktari huita hali hii kakeksia ya moyo. Mwaka 2008 jopo la wataalamu wa fani mbalimbali lilikubaliana juu ya mpaka wake: mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu akipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 12 au pungufu, maji yakiwa yametolewa kwenye hesabu, na akawa na angalau matatu kati ya haya matano: misuli kuisha nguvu, uchovu, kukosa hamu ya kula, nyama ya mwili kupungua, na vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe wa ndani, upungufu wa damu au protini iliyoshuka. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo tatu tu. Kilo tatu watu husema ni joto, au mawazo, au Ramadhani.

Kuona kwenyewe si kwa leo. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, waganga wa kundi la Hippocrates huko Ugiriki walishaeleza wagonjwa ambao mabega, kifua na mapaja yao yanayeyuka huku tumbo na miguu vikijaa maji. Mwaka 1860 Mfaransa Charles Mauriac aliielezea hali hiyo kwa jina la kakeksia ya moyo. Kisha kwa zaidi ya karne moja ilichukuliwa kuwa ni uzee wa ugonjwa tu, jambo la kusikitikia, lisilo na la kufanyiwa.

Mwaka 1997 ndipo Stefan Anker na wenzake, waliokuwa London, walipoweka namba zilizowashtua madaktari wa moyo. Walifuatilia wagonjwa 171. Kati yao 28 walikuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 7.5 ya uzito wao kwa muda usiopungua miezi sita, bila maji. Baada ya miezi 18, nusu ya hao waliokonda walikuwa wamefariki. Kwa wale ambao hawakukonda, waliofariki walikuwa asilimia 17. Tofauti hiyo ilibaki hata walipohesabu umri, nguvu za moyo na madini ya chumvi kwenye damu. Kukonda, basi, kulikuwa na hatari yake mwenyewe, juu ya hatari ya moyo.

Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya pekee ya kuusoma vibaya mwili uliokonda. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai kwa kuwakondesha. Kizazi kizima kilizika ndugu zake hivyo. Tangu hapo, shavu likiingia ndani, mtaa una jibu tayari, na mgonjwa wa moyo anajua mtaa unasema nini. Anaacha kwenda harusini. Anavaa sweta Dar es Salaam, mwezi wa pili. Mke anaulizwa maswali na wifi zake. Wengine wanapelekwa kwa mganga, kwa sababu tumbo lililojaa juu ya mwili uliokauka linaonekana kama kazi ya mkono wa mtu, na miezi inayopotea huko haipatikani tena.

Kupima VVU na kifua kikuu ni sawa kabisa, na pasiwe na aibu. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye mfuko unaouzunguka moyo na kuujaza maji. VVU vinaweza kudhoofisha misuli ya moyo wenyewe. Kisukari, saratani na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nazo hukondesha. Kosa liko pale majibu yanaporudi safi na uchunguzi ukaishia hapo, mtu akaambiwa "huna kitu" na kurudishwa nyumbani na mikono yake myembamba.

Kuna kosa jingine, na hili linaua upesi zaidi. Mgonjwa aliyejaa maji anaanzishiwa dawa ya kukojoa. Ndani ya siku chache maji yanatoka, mzani unashuka kilo nne, sita, kumi. Uso uliokuwa umejaa unanywea, na mwili halisi unajitokeza: mifupa. Nyumbani wanashtuka. Dawa imemmaliza! Vidonge vinawekwa kabatini, mgonjwa "ananenepa" tena wiki mbili, kila mtu anamshukuru Mungu, kisha usiku mmoja anakimbizwa hospitali akihema, mapafu yamejaa maji. Dawa haikumla nyama. Ilifunua tu nyama iliyokwisha kuliwa chini ya maji, na jambo hilo laiti mgonjwa na anayemuuguza wangeambiwa siku ileile dawa inapoandikwa, kabla ya kufika dirisha la famasi.

Kwa nini mwili ujile wenyewe? Damu isipofika ya kutosha kwenye figo na ubongo, mwili hudhani umepata jeraha linalovuja. Unamwaga adrenalini, kotisoli na homoni za figo za kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Ni homoni za dharura, zimeumbwa kwa saa au siku. Kwa mgonjwa wa moyo zinapiga kelele mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwili unachoma nguvu nyingi hata mtu akiwa amelala. Insulini haisikilizwi vizuri na misuli. Homoni ya ukuaji ipo lakini haijengi. Ni nyumba ambayo kuni zimekwisha na mwenyewe ameanza kuchoma miimo ya milango ili sufuria ichemke.

Tumbo nalo lina kisa chake. Damu inayotuama hulifanya ini livimbe na kulisukuma tumbo la chakula. Ndiyo maana mgonjwa anakula tonge nne na kusukuma sahani, na mama mkwe anaona amedharauliwa. Kuta za utumbo huvimba pia: chakula kinanyonywa kwa shida, na sumu za bakteria zinazopaswa kubaki ndani ya utumbo zinapenya kuingia kwenye damu. Kinga ya mwili inaamka kupigana vita isiyo na mwisho.

Moja ya silaha za vita hiyo ina historia inayogusa malisho yetu. Anthony Cerami, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller cha New York, alikuwa akishughulika na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Kilichomsumbua ni kwamba mnyama hukonda hadi kufa hata wakati vimelea katika damu yake ni vichache. Kitu kilichokuwa kikimla hakikuwa kimelea. Kilitoka mwilini mwake mwenyewe. Kundi lake lilikitafuta kwa sungura na panya, na mwaka 1985 likaonyesha kwamba kitu hicho ndicho kilekile ambacho watafiti wa saratani walikuwa wakikiita TNF. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani wakakikuta kwa wingi kwenye damu ya wagonjwa mahututi wa moyo, hasa waliokonda. Ilionekana mlango umefunguka. Lakini dawa za kukizuia, zilipojaribiwa kwa mamia ya wagonjwa wa moyo miaka ya mwanzo ya 2000, hazikuwasaidia, na dozi kubwa ya moja kati yao iliwadhuru.

Njaa ya kawaida huanza kula mafuta na kuilinda misuli kadiri inavyoweza. Hali hii haina adabu hiyo: misuli, mafuta na mifupa huondoka pamoja. Misuli inayoumia mapema ni ile ya kuvumilia, inayomwezesha mtu kwenda kisimani na kurudi. Misuli ya kuvutia pumzi, hasa ule ukuta ulio kati ya kifua na tumbo, nayo inalegea. Kwa hiyo sehemu ya kuhema kwa mgonjwa haitoki moyoni wala kwenye mapafu, inatoka kwenye misuli iliyochoka. Hata nyama ya moyo wenyewe hupungua.

Wanaopitia haya kwetu si wazee wa miaka 75, kama ilivyo Ulaya. Utafiti wa THESUS-HF, uliokusanya wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa umri wa miaka 52. Ndani ya siku 180, karibu asilimia 18 walikuwa wamefariki. Muhimbili, Dar es Salaam, Abel Makubi, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, na wenzake walifuatilia wagonjwa 427 wenye wastani wa miaka 55. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. Kisha misuli ya moyo kuharibika, asilimia 28. Kisha valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, asilimia 12. Mishipa ya moyo kuziba, ambayo ndiyo inayotawala Ulaya, ilikuwa chini ya asilimia 10. Hawa ni watu wenye watoto shuleni. Mwili unaokauka ndio uliokuwa ukilima, ukiendesha bodaboda, ukibeba ndoo.

Na wapo walio wadogo zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, J.N.P. Davies, akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo unakuwa kovu gumu na vyumba vyake vinakataa kupanuka. Wengi wa wagonjwa ni watoto na vijana wa familia maskini. Tumbo lao hujaa maji kupita kiasi, miguu mara nyingi haivimbi kwa kadiri hiyo, mikono na mapaja yamebaki mifupa, na kimo kimedumaa. Mwaka 2008 Ana Olga Mocumbi na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi katika wilaya ya Inharrime, pwani ya Msumbiji: kati ya watu 1,063 waliopimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na alama za ugonjwa huo, wengi bila kujua. Chanzo chake hakijulikani hadi leo. Mtoto wa aina hiyo akifika zahanati anaweza kabisa kutibiwa minyoo na utapiamlo.

Sasa chakula, na hapa nasema kwa uchungu. Mgonjwa anatoka kliniki na orodha ya makatazo: chumvi usile, mafuta usile, nyama usile, mayai usile, maji punguza. Jirani anaongeza la kwake, mhubiri wa redioni la kwake. Mwisho wa wiki mtu ambaye misuli yake inayeyuka anakula ugali na mchicha wa kuchemsha, kidogo, na kila mtu anampongeza kwa kufuata masharti. Kwa mgonjwa aliyekonda, hayo ni masharti ya kumalizia kazi ya ugonjwa.

Chumvi ipunguzwe, ndiyo. Lakini isiwe sababu ya kuacha kula. Mwaka 2022 utafiti wa SODIUM-HF, uliohusisha wagonjwa 806, haukuona kwamba kubana chumvi kwa ukali wa hali ya juu kunapunguza vifo au kulazwa. Kwetu kuna chumvi zinazofaa kuondolewa bila kumnyang'anya mgonjwa sahani: vipande vya kukolezea mchuzi, chumvi inayonyunyizwa mezani, na magadi kwenye mlenda au maharage, maana magadi yamejaa sodiamu ingawa ulimi hauyaiti chumvi. Dagaa wa pwani wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa walowekwe na kumwagwa maji mara mbili. Wa ziwani waliokaushwa juani bila chumvi hawana tatizo hilo. Kisha mgonjwa ale: mayai, samaki, maharage, kunde, karanga za kusaga ndani ya mboga, maziwa au mtindi, kuku. Ale kidogo mara tano au sita kwa siku, mlo mzito uwe wa asubuhi akiwa na nguvu, na asijaze tumbo kwa maji au uji mwepesi kabla ya chakula. Mwenye figo zilizoathirika aulize kwanza kiasi cha protini. Hispania, utafiti wa PICNIC uliochapishwa mwaka 2016 uliwachukua wagonjwa 120 wa moyo waliolazwa wakiwa na utapiamlo. Waliopangiwa lishe na kufuatiliwa kwa miezi sita walikufa au kulazwa tena kwa kiwango cha chini zaidi kuliko wenzao walioachwa na utaratibu wa kawaida. Hakuna dawa mpya iliyotumika hapo. Ilitumika mipango ya chakula na mtu wa kuifuatilia.

Hamu ikikatika ghafla, dawa ziangaliwe. Digoksini ikizidi mwilini huleta kichefuchefu na kuchukia chakula. Kaptopri huweza kubadili ladha mdomoni.

Ushauri wa zamani ulikuwa kulala. Misuli isiyotumika huisha hata kwa mtu mzima, sembuse mgonjwa huyu. Utafiti wa HF-ACTION wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 2,331, ulionyesha kwamba mazoezi ya mpangilio ni salama kwa mgonjwa aliyetulia, na yanamwongezea uwezo. Kwa mtu wa Mbagala au Kisauni hilo halihitaji ukumbi: kutembea hadi kona na kurudi, akiweza kuzungumza bila kukatika pumzi, kuinuka kitini na kukaa mara kumi, kuinua chupa ya maji ya nusu lita. Akiwa amevimba upya au anahema akiwa amekaa, aache na arudi kliniki.

Hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa kukonda kwa mgonjwa wa moyo. Ila dawa zilezile za kila siku zinasaidia kuliko wengi wanavyodhani: enalapri ilipunguza uwezekano wa kupoteza asilimia 6 ya uzito kwa karibu moja ya tano, na kavedilo nayo ililinda uzito kwa wagonjwa waliokuwa na hali mbaya. Kila dozi inayorukwa kwa sababu bima imegoma au duka limekosa ni ruhusa kwa homoni za dharura kuendelea kula. Katika ufuatiliaji uleule wa Muhimbili, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na upungufu wa damu, na karibu nusu walipungukiwa madini ya chuma. Vidonge vya chuma haviwafai sana, kwa kuwa utumbo uliovimba hauvipokei. Chuma cha kuingizwa kwenye mshipa kilionyesha tangu mwaka 2009, katika utafiti wa FAIR-HF, kwamba kinawapa nguvu na unafuu. Kupima chuma kwa mgonjwa wa moyo kungepaswa kuwa jambo la kawaida, nami sioni kwa nini liwe la kuombwa.

Iko hatua ambayo nyama haitarudi tena, hata kila kitu kikifanywa sawa. Hapo ndipo nyumba nyingi zinaingia kwenye ugomvi wa sahani. Binti anabembeleza, anakasirika, analia. Baba anafumba mdomo. Binti anaamini baba amekata tamaa, au yeye mwenyewe hakumpenda vya kutosha. Anahitaji kuambiwa, na mtu mwenye koti jeupe, kwamba mwili wa baba hauwezi tena kukitumia chakula hicho, na kwamba vijiko viwili vya anachokipenda vinatosha siku hiyo. Kuhema kwake kunaweza kutulizwa kwa mofini ya maji kwa dozi ndogo. Uganda imekuwa ikiitumia tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo huruhusiwa kuiandika wenyewe. Huduma hiyo ya tiba shufaa Afrika Mashariki ilikua mikononi mwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, na hadi leo wengi hudhani ni yao peke yao. Mgonjwa wa moyo aliyekonda kiasi hicho naye inamhusu, na aandikiwe rufaa mapema, akiwa bado anaweza kusema mwenyewe anataka alale wapi na nani awe karibu.